Uvujaji uliopona wenyewe: kisa kimoja cha sakafu ya nyonga na vipimo vyake

Maneno yaliyofungua kisa hiki yalitoka mwishoni mwa mazungumzo, mgonjwa akiwa ameshashika mkoba wake. "Ile ya kukohoa ilipona yenyewe, daktari," alisema, kama anayeongezea habari njema kabla ya kuaga.

Miaka saba nyuma, akikohoa au kucheka, mkojo ulikuwa unamtoka. Baadaye akaanza kuhisi kitu kinashuka ukeni, hasa jioni baada ya kusimama sana. Haukupita mwaka, ule mkojo wa kikohozi ukakoma bila dawa wala mazoezi. Yeye aliona amepona. Mimi nilimwomba aketi tena.

Niseme mapema kwamba mama huyu si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na sura ambayo wanaotibu magonjwa ya sakafu ya nyonga huikuta mara kwa mara, na namba zake ni za aina inayoonekana kwenye majibu ya kweli. Ana miaka 58, amezaa wanne kwa njia ya kawaida, wa kwanza kwa kuvutwa na vakyumu. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 51. Alikuja na lalamiko moja tu: kwenda haja ndogo kila mara, mchana na usiku, kwa haraka ambayo wakati mwingine humshinda akiwa mlangoni mwa choo. Alikuwa ameambiwa kwamba kibofu chake kina wasiwasi kupita kiasi, na kwa miezi sita alikuwa akimeza oksibutinini, dawa ya kutuliza msuli wa kibofu. Hali ilizidi kuwa mbaya. Choo nacho kikawa kigumu zaidi, ila hilo hakulitaja, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza la kisa hiki, na si la kukosa mashine. Sakafu ya nyonga ni misuli na kano zilizotandikwa kama machela kutoka mfupa wa kinena mbele hadi mfupa wa mkia nyuma. Juu ya machela hiyo vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi na puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mpana, na njia zote tatu za kutokea zinapita katikati yake. Machela ikilegea upande mmoja, mzigo wote unahama. Kumuuliza mtu habari za mkojo tu ni kukagua chumba kimoja cha nyumba inayovuja paa zima.

Kwa hiyo nikauliza maswali ambayo mgonjwa hayajibu asipoulizwa waziwazi. Je, mama, inakubidi kurudisha kile kinachoshuka kwa kidole ndipo mkojo umalizike? Alinyamaza, akatazama sakafu, akasema ndiyo, kwa miaka miwili sasa. Na haja kubwa je, unabonyeza mahali popote ili itoke? Ndiyo, ndani ya uke, upande wa nyuma. Je, choo au hewa hukutoka bila kujua? Hapana. Majibu hayo matatu, ya dakika mbili, yaliamua zaidi ya nusu ya vipimo atakavyofanyiwa na atakavyoachiwa.

Daftari la siku tatu

Alipewa karatasi na kikombe chenye vipimo. Kwa siku tatu aandike kila alichokunywa, kila mkojo aliokojoa kwa mililita, na kila alipovuja. Watu huliona daftari hili kama kazi ya shule. Mimi nalihesabu kuwa kipimo kamili, na ningelazimika kuchagua kimoja tu kwa mgonjwa wa mkojo, ningelichagua hilo.

Lilirudi hivi: mara 14 kwa siku, jumla ya mililita 1,300, kubwa kuliko zote mililita 150. Wastani wake unakaribia 93 kwa kila safari. Alikunywa kiasi cha kawaida tu. Usiku aliamka mara nne, lakini mkojo wote wa usiku, pamoja na ule wa kwanza wa asubuhi, ulikuwa mililita 330, yaani robo ya siku nzima. Hilo lina maana. Usiku ukizidi theluthi ya mkojo wote, tunaanza kufikiria figo zinazofanya kazi ya ziada usiku, moyo, miguu inayovimba mchana, au usingizi unaokatizwa na pumzi. Yeye hakuwa huko. Figo zake hazikumwamsha. Kilichomwamsha ni kibofu kinachojaa upesi mno.

Kwa nini kijae upesi? Kuna majibu mawili. Ama kibofu kinajikamua kabla ya wakati, ama hakimalizi kujimwaga. Daftari peke yake haliwezi kuyatenganisha, na yule aliyeandika oksibutinini alikuwa amechagua jibu la kwanza bila kuuliza la pili.

Kipimo cha mkojo cha kijiti kilikuwa safi: hakuna dalili ya UTI, hakuna sukari, hakuna damu. Tuliendelea.

Mkojo uliobaki

Alikwenda chooni, akakojoa kadiri alivyoweza, na ndani ya dakika kumi akawekewa ultrasaundi juu ya kinena. Kibofu kilikuwa bado na mililita 240. Tulirudia siku nyingine, maana kipimo kimoja cha mkojo uliobaki hakitoshi kumhukumu mtu. Wengine wanashindwa kukojoa vizuri kwa sababu tu kuna foleni nje ya mlango. Mara ya pili: 220.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Kibofu kinachobaki na 230 na kumwaga 90 kila safari kinajaa kikifika 320, ambacho ni kiasi cha kawaida kabisa. Hakikuwa kidogo wala hakikuwa na wasiwasi. Karibu robo tatu yake ilikuwa na mpangaji asiyehama, na mama aliishi kwenye robo iliyobaki. Dawa inayolegeza msuli wa kibofu ilikuwa inamsaidia mpangaji.

Ultrasaundi ya namna hii hufanywa na mashine ndogo inayobebwa mkononi, haiumizi, na haihitaji mtaalamu wa picha. Ingefanyika kabla ya kidonge cha kwanza, miezi sita ingeokolewa. Inabidi kukumbuka tu kwamba mashine inahesabu maji yoyote inayoyaona, hata ya uvimbe wa ovari, na kibofu kilichoshuka ukeni kinaweza kuipotosha. Ndiyo maana namba ikiwa na uzito kama huu, ni vizuri kuithibitisha kwa katheta, mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo, pale nafasi inapopatikana. Kwetu ilipatikana baadaye, na ikatoa 230.

Kidole, kipimo cha sentimita na kikohozi

Uchunguzi wa ukeni ulifanyika akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, akisukuma kwa nguvu zake zote. Aliyelala kwa aibu hasukumi, na kizazi kinachoshuka sentimita nne jioni kinaonekana hakijashuka kitu saa tatu asubuhi. Kwa hiyo swali la mwisho la uchunguzi huu ni kumuuliza mwenyewe: hivi ndivyo kinavyoshuka kikikusumbua? Akisema bado, hujapima.

Tunatumia mfumo wa POP-Q, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1996, ambao hupima kila ukuta wa uke kwa sentimita ukilinganisha na mabaki ya kizinda. Kilicho ndani kina alama ya kutoa, kilichotokeza nje kina alama ya kujumlisha. Ukuta wake wa mbele, unaobeba kibofu, ulikuwa umetokeza hadi +3. Shingo ya kizazi ilikuwa -2, na ukuta wa nyuma ulifika sifuri kamili. Hiyo ni hatua ya tatu kwa upande wa mbele, na ya pili kwa nyuma. Nguvu ya misuli kwa kidole, kwa kiwango cha Oxford kinachoanzia 0 hadi 5, ilikuwa 2. Nikamwambia alegeze baada ya kukaza, hakuweza. Nililiandika hilo pembeni na kulipigia mstari.

Kisha kikohozi. Kibofu kikiwa na takribani mililita 300, alikohoa amelala, akakohoa amesimama. Mkojo haukutoka hata kidogo. Kwa msomaji wa haraka, kipimo hicho kinasema hana uvujaji wa kukohoa, na mama alikuwa amekwisha kusema hivyo mwenyewe.

Sasa rudini kwenye ile habari njema ya mlangoni. Kibofu kinaposhuka sana, shingo yake hubaki imefungwa na kano nyuma ya kinena huku sehemu nyingine ikining'inia chini. Njia ya mkojo hujikunja kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa. Mkunjo huo unazuia mkojo kutoka anapotaka, ndiyo sababu ya kidole na ya mililita 230. Unauzuia pia usitoke anapokohoa. Ugonjwa wa pili ulikuwa umeufunika wa kwanza.

Tuliunyoosha ule mkunjo kwa kumwekea pesari, pete ya silikoni inayokaa ukeni na kushikilia kinachoshuka. Oksibutinini ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye mkojo uliobaki ulikuwa mililita 40, na daftari jipya lilionyesha safari za mililita 280. Nikamwomba akohoe, amesimama, miguu wazi, karatasi nyeupe chini. Ulitoka mara moja, pamoja na kikohozi chenyewe, ukakoma nacho. Muda huo ni wa kuangaliwa: mkojo unaotoka sekunde kadhaa baada ya kukohoa na kuendelea kutiririka una maana nyingine, ni kibofu kilichoshtuliwa kikajikamua.

"Kumbe haikupona," alisema. Hakukasirika. Alicheka, na ukatoka tena.

Waya mbili na hesabu moja ya kutoa

Wenzangu wawili niliojadili nao kisa hiki walitofautiana kuhusu yurodinamiki, kipimo cha shinikizo la kibofu kikijaa na kikijimwaga. Mmoja alisema tumeshajua, tusimchoshe. Si hoja dhaifu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 630 wenye uvujaji wa kukohoa usio na utata, waliokuwa wanasubiri upasuaji. Nusu walifanyiwa yurodinamiki kwanza, nusu walipimwa kama tulivyofanya hapo juu tu. Mwaka mmoja baadaye, kila upande asilimia 77 walikuwa wamefanikiwa. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kipimo hiki kinaongeza karatasi kwenye faili.

Lakini mama huyu hakuwa wa namna hiyo. Utafiti ule uliwaacha nje wenye mkojo mwingi uliobaki na wenye kushuka kwingi, na yeye alikuwa na vyote. Zaidi ya hapo lilikuwepo swali ambalo kikohozi hakiwezi kulijibu: baada ya miaka miwili ya kusukuma dhidi ya mkunjo, je, msuli wa kibofu bado una nguvu? Kama umechoka, upasuaji wa kumkaza njia ya mkojo ungemwacha asiyeweza kukojoa kabisa. Tukafanya.

Katheta nyembamba huingizwa kwenye kibofu, nyingine kwenye puru. Ya kwanza husoma shinikizo la kibofu, ambalo limechanganyika na la tumbo. Ya pili husoma la tumbo peke yake. Mashine hutoa moja kwenye lingine, na kinachobaki ni nguvu ya msuli wenyewe. Hesabu hiyo ya kutoa ndiyo moyo wa kipimo kizima. Kibofu kikajazwa maji polepole, hakikujikamua hata mara moja kabla ya ruhusa. Utambuzi wa miezi sita ukaanguka hapo. Akikojoa bila pesari, kasi ya juu ilikuwa mililita 8 kwa sekunde na msuli ukisukuma kwa shinikizo la sentimita 48 za maji. Akiwa na pesari, kasi ilipanda hadi 19 na shinikizo likashuka hadi 22. Kwa wanawake hakuna kikomo kimoja cha namba kinachokubaliwa na wote kwamba hapa ndipo njia imeziba, hivyo sikuangalia kikomo. Niliangalia tofauti kati ya mara mbili za mtu yule yule siku ile ile. Msuli ulikuwa mzima. Njia ndiyo iliyokuwa imekunjwa.

Upande wa nyuma

Choo kigumu tungeweza kukitupia oksibutinini, kwa kuwa dawa hiyo hukausha kinywa na kupunguza mwendo wa utumbo. Lakini kubonyeza ukeni kulianza kabla ya dawa. Na ukuta wa nyuma ulikuwa umeshuka, kwa hiyo jibu lililokuwa likimsubiri kila mtu ni kwamba puru imejipenyeza kwenye uke na kinyesi kinakwama mfukoni. Mmoja wetu alikuwa ameshajaza fomu ya MRI, picha ya mashine ya sumaku, ya nyonga.

Niliomba kidole kitangulie. Ukimwambia mtu asukume kama yuko chooni, ule msuli unaozunguka puru kama kombeo unapaswa kulegea na kushuka. Wake ulikaza kidole changu. Nilimweleza tena, labda hakuelewa, ulikaza tena. Hapo nikakumbuka ule mstari wa pembeni: haulegei.

Puto likafuata. Linaingizwa kwenye puru likiwa tupu, linajazwa mililita 50 za maji ya vuguvugu, kisha mgonjwa anakaa kwenye kiti cha choo, peke yake, pazia limefungwa, na saa inahesabu. Wengi wasio na tatizo hulitoa ndani ya dakika moja. Dakika tatu zilipita, tukalitoa sisi. Manometri, ambayo husoma shinikizo ndani ya mlango wa haja kubwa kwa katheta yenye vihisio vingi, ilionyesha kwamba anaposukuma, mlango unapanda shinikizo badala ya kushuka.

Manometri peke yake nisingeiamini. Hufanywa mtu akiwa amelala ubavu mbele ya wageni, na wanawake wengi wazima kabisa hukaza katika hali hiyo. Vigezo vya Rome IV vya mwaka 2016 vinataka angalau vipimo viwili vya aina tofauti vikubaliane kabla ya kusema misuli inapingana na mwenyewe. Puto na manometri vilikubaliana, na kidole kilikuwa kimeshasema.

Fomu ya MRI tuliiweka kwenye faili bila kuituma. Picha za mtu anapojisaidia, ziwe za eksirei akiwa ameketi na uji wa bariamu, ziwe za MRI akiwa amelala, ni nzuri zikiwa na swali. Swali lake lingekuwa mfuko wa puru, na mifuko midogo ya puru huonekana hata kwa wanawake wasio na shida yoyote ya choo. Tungeuona wake, tungefurahi kuuona, na pengine mtu angeushona. Angeamka na ukuta mpya wa uke na msuli ule ule unaofunga mlango anapotaka kutoka. Picha itaitwa mafunzo ya kulegeza msuli yakishindwa.

Ultrasaundi ya ndani ya mlango wa haja kubwa, inayoonyesha msuli uliochanika wakati wa kuzaa, ingekuwa ya kwanza kama angesema choo kinamtoka bila kujua. Hakusema. Kamera ya ndani ya kibofu ingefuata damu kwenye mkojo. Haikuwepo. Sindano za kupima umeme wa misuli ni za anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa neva, na hisia zake za ngozi ya nyonga na nguvu za miguu zilikuwa sawa.

Kilichoamuliwa

Mama alikuwa amefanya mazoezi ya Kegel, yaani ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, kwa mwaka mzima, kila siku, kwa kusoma kwenye simu. Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaeneza mwaka 1948, aliyafundisha pamoja na kifaa cha kumwonyesha mwanamke anachokifanya, kwa sababu wengi hukaza kisichotakiwa. Kifaa kimesahauliwa, yamebaki maneno "jikaze". Na yeye alijikaza: akikohoa, akikojoa, akiwa chooni, hadi msuli ukasahau njia ya kurudi.

Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia alianza na kulegeza, akitumia vihisio na skrini ili mama aone mstari wa msuli wake ukishuka. Kukaza kulikuja wiki ya sita. Pesari ilibaki, pamoja na krimu ya estrojeni ya ukeni kuulinda utando. Kuhusu upasuaji tulimweleza wazi kwamba kunyanyua kibofu kutafungua mkunjo, na kikohozi kitavuja kama kilivyovuja na pesari. Anaweza kufanyiwa vyote viwili siku moja, au kimoja kwanza na kusubiri aone. Alisema atasubiri, kwanza aone pete inamfikisha wapi.

Mwezi wa nne puto lilitoka kwa sekunde 40. Mkojo uliobaki ulikuwa mililita 35. Alileta daftari la siku tatu ambalo hatukumwomba. Safu ya usiku ilikuwa na mstari mmoja: saa 10 alfajiri, mililita 310. Pembeni ya saa 5 asubuhi aliandika "kikohozi, kidogo", na pembeni ya saa 8 mchana, "nimecheka, hakuna".